Mikono ya Sixten Haitulii

Kabla mume wangu hajajua kwamba anaweza kukosa kazi, nusu ya mji ilikuwa imeshajua, na nusu hiyo iliijua kwangu.

Sitajitetea sana. Mtu akikaa chini ya nyumba yake mwenyewe miezi minne, akisikia habari zinatembea juu ya dari yake, atafanyaje? Ikifika Desemba, sisi wa Arjeplog, kaskazini mwa Uswidi, tunahamia orofa ya chini ya ardhi, kwenye matangi ya maji moto na skii za zamani za kutelezea thelujini, tunawaachia wageni vyumba vya juu. Wageni ni mainjinia wa magari, wanaokuja kuyajaribu kwenye ziwa likishaganda. Mwaka huu kwetu walikuwa Wajerumani watano. Ndugu zangu wa Piteå, nilikozaliwa, huniuliza kama sioni haya kumpangisha mgeni kitanda changu cha ndoa. Haya ya nini? Mimi nyumba tupu ndiyo inayonitia huzuni. Napanda asubuhi kuwachemshia kahawa, nashuka na habari.

Katika hao watano mkubwa wao ni Frauke Dittmer, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu kama mlingoti, anayekula mkate amesimama. Kazi yake ni ule mfumo unaolizuia gari lisiteleze likapinduka. Alhamisi moja alikuwa jikoni anaongea na bosi wake kwa simu, mimi namenya viazi. Alidhani sisikii. Majira ya baridi ishirini na sita nimewapikia Wajerumani. Kijerumani changu si cha kuandikia barua, lakini cha kusikilizia kinatosha. Alisema namba za majaribio za mume wangu Sixten hazifai hata moja. Alisema atampa hadi Jumatano, na zisipobadilika atalikata jina lake na kuleta dereva kutoka kwingine.

Nilimaliza viazi. Nikavaa koti, nikaenda kwa Gunborg wa duka la mikate, nikamwambia asimwambie mtu.

Ijumaa mchana Sixten alikuwa anajaza mafuta, Östen Stenvall akamsogelea, dereva mwenzake wa ziwani, akamshika bega kama watu wanavyofanya msibani. Akamwambia asijali, wote wanazeeka.

Alirudi nyumbani masikio mekundu, na si kwa baridi. Hakuniuliza habari imetoka wapi. Aliona wazi imetoka wapi: Frauke amekwenda kumsema kwa madereva wengine badala ya kumwita na kumweleza. "Analala kwenye chumba cha binti yangu," aliniambia, "anakula jibini yangu, halafu ananitangaza kwenye pampu ya mafuta." Nilikuwa nimeshika mwiko. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo, mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa kazi. Nikampakulia viazi.

Lazima mumjue Sixten mjue kilichokuwa kinagombewa. Ni mtu asiyeweza kukaa. Akinywa kahawa mguu unacheza, akiangalia taarifa ya habari anakunja gazeti vipande vipande. Akiwa kwenye usukani juu ya barafu ndipo pekee anapotulia, kwa sababu huko mikono ina la kufanya. Miaka ishirini na sita hajakosa msimu. Madereva wa ziwani waliopita miaka sitini, wakishakatwa jina, hawaitwi tena. Nilijaribu kumfikiria yumo chini ya nyumba na mimi, Desemba hadi Machi, hana pa kwenda. Nilianza mimi mwenyewe kukunja gazeti.

Na kosa lake lilikuwa nini? Kwamba anajua kuendesha mno.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Kila tairi la gari la siku hizi lina kijicho kinachohesabu linavyozunguka. Kuna kingine kwenye usukani, hicho kinajua wewe unataka kwenda wapi. Kuna kingine katikati ya gari chini sakafuni, hicho kinajua gari lenyewe linageukia wapi. Kompyuta inawasikiliza wote. Maneno yao yakipishana, dereva anataka kushoto na gari linaelekea msituni, haipotezi muda kubishana na mtu. Inabana breki ya tairi moja tu. Mkia ukichomoka, inabana tairi la mbele la upande wa nje. Pua ikikataa kukata kona, inabana la nyuma la ndani. Na gari linavutwa kurudi njiani kama mlevi aliyeshikwa kiwiko na rafiki yake. Ikibidi, inainyima injini nguvu hata kama umekandamiza mafuta. Unapoondoka kwenye mlima, tairi moja liko kwenye barafu linazunguka bure, lingine liko kwenye lami kavu, inalizuia lile linalocheza ili nguvu iende kwa mwenzake. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Wewe unachoona ni kitaa cha njano, kigari chenye alama za nyoka nyuma yake, kinawaka na kuzima.

Sasa, sisi huku watoto wanajifunza kuteleza kabla ya kujifunza kona. Sixten alianza juu ya ziwa na gari la baba yake, miguu haifiki vizuri. Mkia ukianza tu kufikiria kuchomoka, mikono yake imeshageuza usukani, mguu umeshalegea kwenye mafuta. Gari linanyooka, kompyuta haijaamka. Frauke anahitaji kujua kompyuta yake itafanya nini ikiachiwa mtu wa kawaida, yule anayetoka kazini na mboga kwenye kiti cha nyuma, anayekanyaga breki kwa nguvu zote na kuganda. Anazo roboti za kushika usukani, lakini roboti haishtuki. Mtu wa kawaida mwenyewe haruhusiwi ziwani. Sheria ya kambi ya majaribio inataka dereva mwenye cheti cha barafu. Kwa hiyo wajuzi walipwe wajifanye hawajui, na mume wangu hawezi. Siku ya kwanza aliharibu vipimo vya asubuhi nzima: alipoingia garini tu kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye kile kitufe cha kuzima mfumo, kama alivyozoea. Hakujua hata kwamba amekigusa.

Jumamosi Frauke mwenyewe alimfuata jikoni na karatasi zake. Alimwonyesha mistari miwili, mmoja wa mikono, mmoja wa gari. Mstari wa mikono ulikuwa mbele kila mahali.

"Hiyo ndiyo kazi yangu," Sixten alisema.

"Ilikuwa," Frauke alisema. Kiswidi chake ni kifupi, kwa hiyo hakina sukari. "Atakayenunua gari hili hana mikono yako. Nakuomba usifanye kitu."

Sixten alimjibu kwamba kutofanya kitu hata Östen anaweza, basi amchukue Östen, maana anaona wanaongea sana. Frauke alimtazama haelewi. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nafuta jiko ambalo lilikuwa safi.

Tangu hapo Sixten hakumsemesha. Frauke akiingia jikoni yeye anatoka. Akimwona anachaji gari ukutani, anapita upande wa pili wa nyumba, theluji hadi magotini. Wale Wajerumani wengine wanne wakaanza kula kimya, nyumba ambayo kila msimu ilikuwa na vicheko hadi ngazini. Chini usiku nilimsikia Sixten akigeuka, mimi nikigeuka, kama samaki wawili kwenye ndoo moja.

Jumapili nikamwambia twende na gari letu kwenye barafu nyuma ya kanisa, nimfundishe kuendesha vibaya. Hapo hata yeye alicheka kidogo. Mimi nilijifunza udereva nikiwa na miaka arobaini, kwenye gari ambalo mfumo ulikuwemo tayari, na maisha yangu yote naendesha kwa imani. Nikitaka kwenda mahali naangalia mahali, na gari likiteleza nakanyaga breki na kumwita mama yangu. Nilimwonyesha. Kitaa kikawaka, gari likanguruma chini ya miguu, likanyooka.

"Na wewe umefanya nini?" aliuliza.

"Sikufanya kitu."

"Haiwezekani mtu asifanye kitu."

Akakaa yeye. Akavaa glavu mbili juu ya mbili ili vidole visisikie. Mkia ulipochomoka mikono iliruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Akajaribu kuubana usukani hadi mishipa ya shingo ikasimama. Ikaruka. Akajaribu kuhesabu kwa sauti. Alifika mbili. Tulizunguka pale hadi jua likazama saa nane mchana, kama lifanyavyo huku majira ya baridi, na tukaanza kurudi nyumbani, yeye hasemi, mimi nikisema kwa wote wawili.

Nilikuwa namsimulia habari za mtoto wa Gunborg, aliyemwacha mke na kuhamia kwa dada wa mke. Tunakata kona ya posta, Sixten akanigeukia: huyo dada ndiye yule wa duka la dawa? Gari likateleza, kidogo tu. Kitaa kikawaka mara tatu, kikazima. Gari likanyooka lenyewe. Sixten alikuwa bado anasubiri jibu. Hakuona.

Mimi niliona. Sikumwambia.

Jumatatu asubuhi nilimsubiri Frauke kwenye kahawa nikamweleza. Nikamwambia hao watu wako wa kawaida hawaendeshi peke yao, mama. Wako na mke pembeni, na mke ana habari. Kwenye yale magari ya majaribio, kiti cha abiria kinafungwa madumu ya maji ili gari liwe na uzito wa mtu. Frauke alinipima kwa macho, akauliza nina kilo ngapi. Nikamwambia zaidi ya madumu. Alitoka kwenda kupiga simu. Jumanne nikaweka sahihi karatasi sita kwamba nikifa nimetaka mwenyewe, wakanipa kofia ngumu iliyonibana masikio, jambo ambalo Sixten alisema ni salama kwa wote.

Jumatano ilikuwa baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, jua limekaa juu ya miti bila joto lolote. Wapimaji walikuwa wameshatoboa barafu kupima unene wake na kusema inafaa. Gari lilikuwa dogo, la mtu yeyote, limebandikwa michoro myeusi na myeupe ili lisitambulike. Kazi ilikuwa hii: unakuja kwa kasi ya kilomita sitini kwa saa, unachepuka ghafla kushoto katikati ya koni, unarudi kulia, kama mtu anayemkwepa kulungu barabarani. Mara kumi na mbili zinazofaa. Frauke alikaa kwenye kibanda chake chenye magurudumu, anasoma mistari, anaongea nasi kwa redio.

Mara ya kwanza nilianza na mtoto wa Gunborg. Sixten aliitikia, eeh, eeh, lakini alijua kwa nini nasimulia, na mtu akijua hivyo hasikilizi. Tulipofika kwenye koni alikuwa anatusubiri wote wawili, mimi na kona. Mikono ikaruka. Gari likanyooka vizuri kabisa.

"Bado," redio ikasema.

Nikaleta habari ya mchungaji na jokofu. Bado. Nikaleta ya mashemeji wa Östen, ambayo nilikuwa naitunza kwa ajili ya Pasaka. Bado. Mara ya nne, mara ya tano. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unacheza chini, dam dam dam. Baridi ilikuwa nje lakini jasho lilimtoka kwenye ukingo wa kofia. Redio ikasema tukishindwa hii na ijayo basi tutapumzika, na sote tulijua kupumzika maana yake nini.

Akageuza gari, akasimama mwanzoni mwa njia. Nilimwona ubavuni, pua yake kubwa, taya limebana. Nilitafuta habari nyingine kichwani mwangu, nikakuta imebaki moja.

Akakandamiza mafuta. Arobaini. Hamsini.

"Sixten," nikamwambia. "Ni mimi niliyemwambia Gunborg."

"Kumwambia nini?"

"Habari ya kazi yako. Frauke hakumsemesha Östen wala mtu yeyote. Nilisikiliza simu yake, nikaenda kusema."

Koni zilikuwa hapo. Alichepuka kwa kuchelewa, kichwa kimegeuka kwangu, si barabarani. Mguu ukaanguka kwenye breki. Mkia ukachomoka kweli, nikaiona pwani ya ziwa inapita mbele ya kioo ambako haikutakiwa kuwa, na mikono yake imekaa palepale kwenye usukani, mikono ya mtu aliyesikia jambo. Chini yangu kukanguruma, grr, grr, pedali inapiga mguu wake, kitaa kinawaka na kuzima. Nilisikia kabisa lile tairi moja la mbele likibanwa peke yake, gari likivutwa begani. Likazunguka kurudi. Likatikisika mara moja, likapita kati ya koni za mwisho, likasimama likiangalia kule tulikokuwa tunakwenda.



"Hiyo," redio ikasema. "Hiyo hasa. Naomba kumi na moja kama hiyo."

Sixten alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Siku tano nimemnunia mtoto wa watu," alisema.

"Najua."

"Siku tano. Na wewe unanipakulia viazi."

"Najua, Sixten."

Akachukua redio, akasema kwa Kijerumani chake kibovu kwamba anaomba msamaha. Frauke akauliza msamaha wa nini. Akasema atamweleza. Frauke akasema vipimo kwanza, msamaha kwenye kahawa.

Akarudisha gari mwanzoni. Nilidhani ataniteremsha pale pale, nitembee juu ya barafu hadi nchi kavu, na ningetembea. Lakini aliweka mikono kwenye usukani, akakandamiza mafuta, akauliza, "Nani mwingine?"

"Gunborg tu."

"Majken," aliniita kwa jina langu, kama afanyavyo akijua nadanganya.

"Gunborg, na Inger wa duka la dawa."

Mkia ukachomoka. Mikono haikuruka. Grr, grr, kitaa, gari likanyooka.

"Inafaa," redio ikasema.

Safari iliyofuata alitaka jina lingine, nikampa. Iliyofuata nikampa la fundi wa nyaya, na hapo aligeuka kabisa kunitazama, maana yeye na huyo fundi hawaongei tangu mwaka juzi. Hiyo nayo ilifaa, Frauke alisema ilikuwa nzuri sana. Ya tano sikuwa na jina. Nilikuwa na mambo mengine ya miaka thelathini na moja ya ndoa, ambayo hayakuhusu mji, na nikawa nimeanza kuvuta pumzi.

"Nyamaza," Sixten alisema. "Basi. Nyamaza sasa."

Tukaenda kimya. Nilimtazama mikono, sikutazama njia. Koni zilipofika aliugeuza usukani kama ninavyougeuza mimi, kwa fujo, akakanyaga, na gari lilipoanza kuzunguka niliona vidole vinatetemeka ndani ya glavu, kila kimoja kinataka kwenda. Havikwenda. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino. Gari likajikokota, likabanwa, likarudi.

"Kumbe linarudi," alisema, kwa sauti ndogo, si kwangu.

Redio ikasema inafaa. Zikabaki saba. Alizifanya zote kimya, na hakuna hata moja aliyoifanya kwa raha.

Saa saba na nusu mchana Frauke alitoka kwenye kibanda, ndevu za barafu kwenye skafu yake, akampa mkono. Akasema anamwandika hadi mwisho wa Machi, na kwamba kesho madumu yatarudi kwenye kiti. Sixten akamshika mkono muda mrefu kuliko desturi yetu, akamweleza. Sikusikia yote, walikuwa upande wa upepo. Niliona Frauke ananitazama, kisha anaitazama simu yake, kisha anaiingiza mfuko wa ndani kabisa na kufunga zipu.

Njiani kurudi mguu wake ulikuwa unacheza, dam dam dam. Nyumbani nikatangulia kushuka chini kuweka maji ya kahawa, nikitafuta namna ya kuanza, na nilipogeuka alikuwa bado amesimama mlangoni, hajavua koti, anavaa kofia yake nzuri.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani kwa Gunborg," alisema. "Habari hii nitaipeleka mwenyewe."

"Utamwambiaje?"

Akafunga mlango.

Dirisha la chini ya nyumba yetu liko usawa wa ardhi. Niliona viatu vyake vinapita, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, jambo ambalo si lake, vikakata kona kwenye ua wa jirani. Duka la Gunborg hufungwa saa kumi na moja. Wakati huo walikuwa wamejaa mle, Inger, na yule fundi, na Östen anayefuata keki za bure, wote wamesimama na vikombe. Nilikwenda hadi kwenye mashine ya kufulia, nikarudi dirishani. Nikaenda, nikarudi. Maji yalichemka hadi yakakauka, na mimi bado sijui wanaambiwa nini.